Ndani ya Tanki la Mheshimiwa

Sehemu ya tisa

Mmekula, mmelala, wengine mmeenda mpaka harusini mkacheza, na muda wote huo Chausiku yuko palepale mlipomuacha: ndani ya tanki la zege la kijiji cha Lusegwa, mlimani juu ya Kinole, mfuniko wa chuma umefungwa juu yake na kufuli limeshalia.

Aliyelifunga ni Pazi. Mchumba wake! Mwanaume aliyemshikia kamba ashuke, halafu akaivuta kamba.

"Pazi! Fungua!"

"Samahani mpenzi," sauti ya Pazi ilishukia kwenye tundu la hewa. "Ni mpaka sherehe iishe tu. Diwani kaniambia nikuzuie popote pale, mradi usifike uwanjani. Kaniahidi kazi. Nikipata kazi si tunaoana?"

"Nani anaolewa na wewe? Fungua nikukate masikio!"

"Humo pakavu, hutapata hata mafua. Jioni nakuletea chipsi."

Akaondoka. Simu ya Chausiku, ambayo Pazi alitakiwa amteremshie kwa kamba, akaiacha hukohuko juu ya paa la tanki. Ikawa inaita. Inaita, inanyamaza, inaita tena, na mwenye simu anaisikiliza kutokea chini kama anayesikiliza redio ya jirani.

Wewe uliyelipata gazeti hili limefungiwa karanga, nakupa kwa kifupi. Mradi wa maji wa Lusegwa ulitangazwa umekamilika zamani. Bomba lipo, tanki lipo, bango lenye picha ya Diwani Hafidhi anatabasamu lipo. Maji ndiyo hayajawahi kuwepo. Kina mama bado wanateremka korongoni na ndoo. Leo anakuja mgeni rasmi kuuzindua: Mheshimiwa Kristina, Naibu Waziri katika serikali mpya. Wizara yake siitaji, mhariri wangu ana watoto wanasoma.

Chausiku, muuza pilipili manga wa pale kijijini, alikuwa na mpango mmoja. Aingie tankini, apige picha mijusi na vumbi, kisha asimame mbele ya mgeni aoneshe. "Hawa ni wapya," alikuwa akiwaambia wenzake wiki nzima. "Wale wa zamani walijua wakanyamaza. Hawa wakiona kwa macho yao, watashtuka."

Sasa aliyeona ni yeye mwenyewe, na alichoona ni giza.

Kutoka uwanja wa shule, huko chini, spika zilikuwa zinapiga muziki. Mgeni bado. Chausiku akakaa chini, akaegemea ukuta, akaanza kupanga matusi ya Pazi kwa mpangilio, ya ukoo mbele, ya sura nyuma.

Ndipo nje kitu kikakohoa. Kikakohoa tena. Kikanguruma.

Na kutoka kwenye tundu la juu ukutani, maji yakamwagika.

Maji! Ndani ya tanki la Lusegwa! Kwanza, mtamsamehe, Chausiku alifurahi. Alisimama akapiga na kigelegele kidogo.

Halafu akaelewa.

Diwani Hafidhi hakuwa mjinga. Alijua mgeni akifungua bomba likatoa upepo, na yeye ataondoka na upepo huohuo. Kwa hiyo alikodi kimyakimya mashine ya kumwagilia kabichi, ikafungwa pembeni ya kijito kinachopita hapo nyuma ya tanki, ijaze maji ya kutosha kuwafurahisha wapiga picha. Hakumwambia mtu. Hata Pazi hakumwambia. Na Pazi naye hakumwambia Diwani amemficha mchumba wapi. Katika kijiji kizima, Pazi alichagua mahali pakavu kuliko pote. Nani angewaza kwamba tanki lile lingetiwa maji?

Maji ya Uluguru mnayajua. Yanatoka ukunguni. Yalipofika kifundoni Chausiku akaanza kutetemeka. Yalipofika magotini alikuwa anapiga ukuta kwa viganja, anapiga kelele, na mashine inanguruma juu yake kama haijali.

Mara ikazimika. Mafuta.

"Weeee! Kuna mtu humu! Nimefungiwa!"

"Nani huyo?"

"Mimi Chausiku!"

Nje mtu akaangua kicheko. Kicheko kirefu, cha kupiga mapaja. Chausiku alikitambua kicheko kile.

Severini! Mkulima wa kabichi, mwenye mashine. Kati ya watu wote wa milima ile, ameletewa mtani wake.

Ukoo wa Severini na ukoo wa Chausiku ni watani tangu mabibi wa mabibi. Huyu Mkatoliki, yule Mwislamu, utani hauulizi. Mama yake Severini alipofariki, Chausiku ndiye aliyeingia kaburini akalala chali, mikono kifuani, akagoma kutoka. Padri anasubiri, jeneza linasubiri, waombolezaji wanacheka na machozi, mpaka Severini akatoa jogoo. Ndiyo haki ya mtani. Kwa hiyo bwana huyu alishawahi kumwona Chausiku ndani ya shimo, na ilimgharimu.

"Leo sitoi jogoo!" Severini alipiga kelele kupitia tundu la hewa. "Mtumwa wangu we! Umeona kaburini palikulipa, sasa umehamia kwenye tanki?"

"Severini, wallahi nimefungiwa! Pazi kanifungia!"

"Na mimi ningekuwa Pazi ningekufungia. Angalau angelala siku moja bila kelele."

"Maji yananifika magotini!"

"Oga basi! Ukoo wenu mna bahati, mmepata maji ya bure."

"Nakufa, Severini!"

"Kufa haraka nije kulala kaburini kwako. Mimi nitadai ng'ombe!"

"Severini!"

"Lia kwa sauti, sijasikia vizuri! Ehee! Unajua kulia kuliko siku ile!"

Akajaza mafuta, akavuta kamba ya mashine. Ikakohoa. Akavuta tena. Ikanguruma.

Kiunoni. Tumboni. Chausiku alizunguka ukuta kwa kupapasa, akitafuta ngazi. Ngazi ya ndani ilikuwepo kwenye mchoro tu. Akapapasa bomba la kutolea maji kwenda kijijini, akalipata. Liko wapi? Juu ya kichwa chake. Mkandarasi aliyejenga alilitobolea tundu huko juu, sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Maana yake ni kwamba bomba la uwanjani halitatoa tone mpaka maji yapite utosi wa Chausiku.

Na kuogelea hajui. Mito ya kwao inafika ugokoni, angejifunzia wapi?

Kifuani sasa. Pumzi ikawa inakatika kwa baridi. Mara, pwaa! Mpira wa maji ukachomoka kwenye tundu, ukaanza kuruka nje kama nyoka. Severini akazima mashine, akaja mbio kuurudisha, akilaani. Uso wake ukawa karibu kabisa na lile tundu. Chausiku aliusikia hata mhemo wake.

Alifungua kinywa amtukane. Akajizuia.

Akimtukana, atacheka. Akilia, atasema analia vizuri. Akiapa, ndiyo kabisa. Kila atakachosema ni utani, maana watani wote husema hivyohivyo. Asemeje? Mtani hamfanyii nini mtani wake, hata siku moja?

Akavuta pumzi.

"Shikamoo, baba Severini."

Nje mpira uliacha kuburutwa.

"...Umesemaje?"

"Nimesema shikamoo, baba. Mama Scholastika hajambo? Watoto wameamkaje?"

Tangu Chausiku azaliwe hajawahi kumwamkia Severini. Humwita kibogoyo, mwizi wa kabichi, mjukuu wa nyani. Shikamoo? Kwa mtani? Labda siku ya kufa.

Mpira ukamponyoka Severini.

"Yesu na Maria!" alisema. "Kumbe kweli!"

Alipanda paa kama kijana, akalikamata kufuli, akalivuta, akaokota jiwe akaligonga. Kufuli lilikuwa kitu pekee katika mradi ule kilichonunuliwa imara. Akagonga mpaka jiwe likapasuka.

"Mbona mashine imezimwa?"

Diwani Hafidhi huyo, anapanda mlima na suti, jasho linamchuruzika, kipaza sauti kisicho na waya kimechomekwa mfukoni. "Mgeni ameshaingia uwanjani! Washa!"

"Siwashi. Kuna mtu humu."

"Mtu gani?"

"Chausiku."

Diwani akasimama. Akalitazama tanki. Akatazama uwanjani kule, magari yanang'aa. Unajua sura ya mtu anayetafuta wa kumlaumu halafu anakumbuka ni yeye? Akapiga simu, na Pazi akatokea anahema.

"Tanki lina maji?" Pazi alipigwa na butwaa. "Tangu lini?"

"Ufunguo uko wapi, we mpumbavu!"

"Si ulisema funguo zote za mradi zifungwe utepe, ziwekwe kwenye sinia, akabidhiwe mgeni rasmi?"

Diwani akashika kichwa. Kisha akainamia tundu la hewa, na sauti ya upole kabisa.

"Chausiku, mwanangu. Unajua kuogelea?"

"Sijui!"

"Hata kidogo?"

"Diwani!" Severini alifoka. Akateremka akaikumbatia mashine yake kwa mikono miwili. "Ukitaka kuiwasha, nitoe roho kwanza."

Diwani akapiga mluzi. Polisi wawili wa msafara wakapanda. "Huyu anahujumu mradi wa wananchi," aliwaambia, na Severini akabebwa huku anapiga kelele kwamba kuna mtu ndani. Polisi mmoja akamwambia kila anayekamatwa huwa ana hadithi. Diwani akaivuta mwenyewe kamba ya mashine, haikukohoa hata mara moja.

Na Pazi? Msimtupie mawe bado. Pazi alitimua mbio kuelekea uwanjani, akaanguka, akainuka, akakata katikati ya ngoma, akapita kwenye mikungu ya ndizi na mafenesi ya zawadi, mpaka kwenye jukwaa. Mheshimiwa Kristina alikuwa amesimama, mfupi, mnene kidogo, kitenge kimenyooshwa mpaka kinakata, sinia mkononi. Pazi akapiga magoti. Kipaza sauti kilikuwa palepale. Angekishika tu, kijiji kizima kingejua.

Hakukishika. Alinong'ona.

"Mheshimiwa, nakuomba ufunguo. Mchumba wangu yuko ndani ya tanki. Yuko hai, lakini maji yanampanda."

Mheshimiwa alimwangalia. Akawaangalia wapiga picha. Akauchukua ufunguo wenye utepe, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Waliotutangulia walizindua miradi wakiwa wamekaa kivulini. Mimi sikai! Napanda mwenyewe nikalione tanki lenu kwa macho yangu!"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, filimbi, kofia juu. Bi Maimuna, ambaye mgongo wake umepinda kwa ndoo za korongoni, akalia hadharani. "Hiyo sasa ndiyo serikali mpya! Mungu katukumbuka!" Kijiji kizima kikafuata nyuma ya kitenge kile kupanda mlima.

Isipokuwa Pazi. Kijana mmoja wa miwani myeusi alimshika mkono kwa upole, akamwingiza kwenye gari la polisi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo Severini.

"Umempeleka mwenzio kwenye maji," Severini alimwambia. "Na mimi nikamwongezea."



Ndani ya tanki, Chausiku hakuwa anaihisi miguu yake. Alisikia vigelegele vinapanda, vinakaribia. Akasikia sauti ya mwanamke ikiwaambia walinzi wabaki chini, paa halibebi watu wengi. Akasikia ufunguo. Mfuniko ukanyanyuliwa, ukaegeshwa, na jua likamwingia machoni.

"Mheshimiwa!" Alilia, safari hii kwa furaha. "Mungu akubariki! Hili tanki halijawahi kuwa na maji, wamejaza leo tu kwa ajili yako, bomba wameliweka juu, ngazi hakuna, mimi..."

"Najua," Mheshimiwa alisema.

Alipiga magoti ukingoni. Diwani alikuwa nyuma yake, ameshika kipaza sauti kama mtu aliyeshika mshumaa msibani.

"Unajua?"

"Mwanangu, nimesoma taarifa zote kabla ya kuja. Nitalirekebisha, nakuahidi. Lakini siyo leo. Kule chini kuna watu wanaimba. Wana matumaini kwa mara ya kwanza. Unataka uwavunje moyo?" Sauti yake ilikuwa laini kama ya mama mkwe mwenye shida. "Serikali ni mpya, sherehe imeshaandaliwa. Tuanze na picha nzuri."

"Sikuelewi, Mheshimiwa. Mimi nimefungiwa humu."

"Hukufungiwa. Ulijitolea kusafisha tanki la wananchi wenzako. Nakuvuta, tunapunga mkono pamoja, unasema hivyo kwenye kipaza sauti. Ni sentensi moja tu. Kesho nakutafutia nafasi kwenye jumuiya ya maji."

"Na nisiposema?"

Mheshimiwa akatazama nyuma yake, kwa watu. Kisha akamtazama Chausiku.

"Basi nitafunika, nitawaambia nimeridhika, na watakuja kukutoa sherehe ikiisha. Utavumilia?"

Wiki nzima Chausiku amewaambia wenzake, hawa wakiona kwa macho yao, watashtuka. Huyu ameona kwa macho yake. Hakushtuka.

"Nipe mkono, Mheshimiwa," alisema.

Mheshimiwa akatabasamu, akalala kifudifudi kwenye ukingo, mkono mmoja ameushika mfuniko ajitegemeze, mwingine akauteremsha. Bangili zikagongana. Chausiku akaushika ule mkono. Akauongezea na wa pili.

"Karibu ukague," alisema, na akavuta.

Kitenge, bangili, viatu, serikali yote ikaja kichwa mbele. Pwaaa! Na mfuniko, uliokuwa umeshikiliwa na mkono wa Mheshimiwa, ukamfuata na kujibamiza. Giza.

Juu ya paa alibaki Diwani Hafidhi peke yake.

Walinzi waliokuwa chini hawakuona vizuri. Watu waliona kitenge kimeinama, halafu hakipo. Maelfu ya macho yakamgeukia Diwani. Afungue mfuniko? Akifungua, watatoka wanawake wawili wameloa, na mmojawapo ana mdomo. Akakaa. Juu ya mfuniko. Akainua kipaza sauti.

"Wananchi... Mheshimiwa... Mheshimiwa ameingia ndani! Ameingia mwenyewe kukagua mradi wenu!"

Mlima ulitikisika. Hata walinzi walitazamana, mmoja akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hajawahi kutokea!" alilia Bi Maimuna. "Kaingia na nguo zake!"

Ndani, maji yaliyomfika Chausiku kifuani yalimfika Mheshimiwa kidevuni. Alikuwa amemkumbatia Chausiku shingoni, kucha zinaingia nyamani, hana hotuba tena. "Mwambie afungue! Mimi ni Naibu Waziri! Fungua!" Akapiga ukuta kwa ngumi. Akapiga na bangili.

Nje, mtu akapiga kelele kutoka bondeni. "Bomba halijatoa! Tumefungua, halitoi hata tone!"

Minong'ono ikapita. Aibu gani hii? Mgeni ameingia tankini kwa ajili yetu, halafu asione maji?

"Tusimwaibishe mama yetu!" alisema Bi Maimuna, akijifunga khanga kiunoni. "Mashine si hii hapa? Vijana, washeni!"

Diwani alifungua mdomo. Kusema hapana kulihitaji kueleza kwa nini hapana. Akaufunga.

Kamba ikavutwa. Mashine ikakohoa, ikanguruma, na mikono kumi ikausukuma mpira kwenye tundu, ikaushikilia usichomoke. Watu walikuwa wanaimba. Ngumi za Mheshimiwa zikaongezeka kasi, zikasikika mpaka nje, kwenye zege.

Bi Maimuna akaweka kiganja ukutani, akazisikia, akawageukia wenzake na machozi mashavuni.

"Anapima zege," alisema. "Wale wa zamani, nani kati yao aliwahi kutupimia zege?"